Fine, halafu?

Jumanne, Januari

Hiyo "fine" yao imenichosha. Toronto hii kila kitu ni "fine". Mwanangu Neema akikasirika anasema "fine" na kubamiza mlango. Nikitaka kumwongezea wali, "I'm fine", yaani ameshiba. Daktari naye, baada ya kunipima uvimbe kwenye titi: "You'll be fine." Hiyo ni ahadi, au ni kuniondoa ofisini? Majibu ni Alhamisi.

Na mimi nimelidaka hilo neno. Wiki nzima kila anayeniuliza hali namjibu "fine", naye anapita zake.

Leo kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tukikunja mashuka, mwenzangu Mama Furaha alinisalimia, "Habari, Mama Neema?" Nikajibu "fine" bila kuinua macho. Yeye, mtu wa Bukavu kule Kongo, hakupita. Alisimama na shuka lake mkononi akisubiri, kama tulivyozoea nyumbani: mtu husema nzuri kwanza, ndipo aseme mtoto anaumwa.

"Fine, halafu?"

Nikalia. Nikamweleza yote, hata kwamba Neema bado hajui.

"Rendez-vous ya daktari ni saa ngapi? Tutaenda pamoja." Papo hapo akampigia mwenzetu wabadilishane zamu ya Alhamisi.

Bado naogopa. Na Neema nitamwambiaje, sijui. Lakini Mungu ambariki yule mama. Leo nimekula nikamaliza sahani.

Pale kazini msimamizi alitukuta tumeshikana mikono, macho mekundu, shuka limeanguka chini. Akauliza kama tuko sawa.

Tukajibu kwa pamoja, "Fine."