Mke wa Masanja Anaruka

Jumamosi, 5 Julai
Uwanjani tena. Kukimbia, kuvuta kamba, bawa linapanda, linaniangusha. Magoti yote mawili yamechubuka. Mwalimu Tumaini, aliyetoka Moshi kutufundisha kuruka kwa bawa la kitambaa, anasema leo nimekimbia kama mtu anayewahi basi. Kwake hiyo ni sifa. Tupo wanafunzi wanne, mwanamke ni mimi peke yangu. Mchana nikarudi Katoro kufungua duka la vitenge. Nanuka majani. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 7 Julai
Mama mkwe amejua. Binti yangu Kabula karopoka tukiwa tunakula. Bibi yake akarudisha tonge sahanini. Akasema wanaoruka ni wachawi, na wao angalau huruka usiku wasiaibishe ukoo. Mume wangu, Masanja, akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Mama mkwe anaogopa maneno ya watu. Na mimi pia, kidogo.

Alhamisi, 10 Julai
Mama mkwe bado kaninunia. Nikimwamkia anaanza kuwaita kuku.

Jumamosi, 12 Julai
Siku mbaya. Tulipanda kilima kilicho juu ya Nkome. Ziwa lote chini yetu, dagaa wameanikwa ufukweni wanameta. Wenzangu watatu wakaruka, wakatua salama. Zamu yangu ilipofika miguu ikagoma. Mara mbili. Tumaini akasema hakuna ubaya, kilima hakihami. Nimelia nyuma ya gari. Siku zote nasingizia watu watasema nini. Leo hakuna aliyesema kitu. Nimejizuia mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani nimeomba nisiwe mwoga. Halafu nikaomba wiki ijayo kusiwe na upepo, tuahirishe. Masanja anasema nichague moja.
Jioni mama mkwe akauliza, bila kunitazama, kama kitambaa kile huwa kinachanika. Nikamwambia hakichaniki ovyo. Akaguna.

Jumamosi, 19 Julai
Nimeruka! Mimi!
Hatua chache, kisha nikajikuta nakimbia hewani. Miguu haikujua kwamba ardhi imekwisha. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mara upepo wa ziwa ukanishika. Badala ya kushuka, nikapanda. Kilima kikawa chini yangu, watu wadogo wanapunga mikono. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.
Halafu nikatazama nyuma. Uwanja wa kutua nilikuwa nimeupita zamani. Tumaini akaongea kwenye redio niliyofungiwa begani, sauti ya taratibu: "Mama Kabula, usijaribu kurudi, hutafika. Tafuta pa wazi." Mihogo. Ng'ombe. Mihogo tena. Kisha shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Nikalichagua mwenyewe, nikavuta kamba zote mbili za breki, nikatua kwa makalio.
Mama mmoja alikuwa anakata mabua. Akanyanyuka, akanitazama, akanisalimu: "Mwangaluka!" Kama vile watu hushuka pale kila asubuhi. Nikaitikia huku nimeviringika kwenye kamba. Akauliza natokea wapi. Nikanyoosha kidole juu. "Pole na safari," akasema, akaniletea maji kwenye kibuyu.
Masanja, aliyenifuata toka kilimani, akafika na pikipiki, anahema kunizidi mimi. Alinikumbatia mbele ya yule mama. Hajawahi kufanya hivyo mbele ya mtu.

Jumapili, 20 Julai
Mwili wote unauma. Baada ya kanisa nilikaa nje na mama mkwe, tunachambua maharage. Akauliza ziwa likoje mtu akiwa juu. Yeye ni wa Ushirombo, ziwa amelijua ukubwani, tena kwa kusimama ufukweni tu. Nikamwambia kuhusu visiwa, na mitumbwi inavyoacha mistari, na maji yanavyogeuka rangi karibu na mawe. Nikanyamaza, nikidhani amechoka.
Akasukuma ungo wa maharage pembeni. "Endelea," akasema.