Jumatatu Mgonjwa, Alhamisi Mzima

Magomeni, Kilosa
Jumapili mchana

Dada Yasinta,

Shikamoo. Itikia kwanza ndipo uendelee, maana nakufahamu, utarukia katikati kutafuta habari. Mama anaendeleaje na miguu yake? Shemeji bado anarudi kutoka kwenye kazi ya chumvi na macho mekundu? Na Neema wangu, ameshakubali kula maharage au bado anayaficha chini ya ugali? Mimi kwa mwili sijambo. Sijaanguka tangu mvua zilizopita, na hilo ndilo jambo zuri pekee katika barua hii, kwa hiyo lisome mara mbili.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, simu yako tangu iharibike inaongea kwa spika, na Neema habanduki ubavuni mwako. Haya si ya masikio yake. Barua hii nampa mama mmoja tunayesali naye, anapanda treni ya Kigoma leo, na ameniahidi hatapita Uvinza bila kukupa mkononi.

Nilikwambia nimepata kazi Mikumi. Ni gesti iliyo kando ya barabara kuu, wanalala madereva wa malori yaendayo Zambia, na mara mojamoja wageni waliokosa nafasi hoteli za mbugani. Jumanne naondoka hapa, Ijumaa jioni narudi. Nafua mashuka, natandika vitanda, nadeki. Jikoni sikanyagi. Nilimwambia Shabani, ndiye meneja, kwamba moshi unanibana kifua. Kuhusu kifafa sikumwambia, na hapa Kilosa hajui mtu isipokuwa daktari na yule kaka wa ustawi wa jamii aliyeniandikisha. Hata Mama Hadija, mwenye nyumba wangu, anaamini nina presha. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi, Shabani ni mtoto wa dada yake. Ni mama mwema sana, lakini neno kifafa likitajwa unawajua watu, kikombe chako kinawekwa peke yake.

Kazi hii sikuifuata kwa tamaa. Nilitaka chumba cha pili, nimnunulie Neema kitanda, aanze darasa la kwanza hapa nikimwona. Tangu siku ile nilipoanguka na sufuria ya uji ikamuunguza mguu, ukaja ukamchukua, nimekuwa mama wa kwenye simu. Sikulaumu, ulifanya sawa. Ila nilipopewa hivi vidonge vipya na miezi ikapita bila kuanguka, nikaanza kujiona mzima kama wengine. Vidonge napata bure hospitali kwa sababu nimo kwenye mpango wa wasiojiweza. Nikitolewa huko, vya dukani sivimudu, hata kwa mshahara wa gesti, na nikivikosa siku chache tu najua kitakachonipata.

Sasa sikiliza kisa. Jumamosi ya wiki iliyopita watu wa mpango walikuja kuhakiki. Wanaita mkutano uwanja wa shule, jina lako linasomwa, unasimama, na wakazi wenzako wanasema kama unastahili au hustahili. Mwaka juzi walisema tu, "Huyo mgonjwa, anastahili," nikakaa. Safari hii niliposimama, mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mgonjwa gani kila Jumanne na begi stendi? Uvivu tu huo, anakula cha bure!"

Mama Hadija akainuka kama amemwagiwa maji ya moto. Akajifunga khanga kiunoni.

"Nani mvivu? Skola mvivu? Mwangalieni vizuri! Huyu anafua mashuka ya gesti nzima peke yake, Mikumi kule, muulizeni Shabani wangu! Ana nguvu huyu, kale kapresha kake si ugonjwa wowote! Wanawake wote wa hapa wangekuwa kama Skola, msingekuwa mnakopa chumvi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi, dada, nikuambie ukweli unaoniuma, nilifurahi. Nilisimama pale natabasamu kama bibi harusi. Ni lini mara ya mwisho mtu alinisifu mbele ya watu? Mimi niliyezoea kuonewa huruma. Makofi yalikuwa hayajaisha, mwandishi wa mpango akakata jina langu.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa yule kaka wa ustawi wa jamii. Nikamweleza kwamba kazi ninaifanya kwa sababu ya vidonge, na bila vidonge hakuna kazi. Akanisikiliza vizuri, si mtu mbaya.

"Dada Skola, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini mfumo hauna sehemu ya kuandika anaweza kidogo. Kuna anaweza na kuna hawezi."

"Na mimi niko wapi hapo?"

Akakuna kichwa. Akaniambia njia iliyobaki ni rufaa. Rufaa inasikilizwa kesho Jumatatu, uwanja uleule, mbele ya wakazi walewale, na aliyenitolea ushahidi lazima awepo. Nisimame nitaje ugonjwa wangu kwa jina, na Mama Hadija afute maneno yake. Nikamuuliza kama haiwezekani nikayasema haya faraghani, kama nilipoandikishwa. Akasema utaratibu umebadilika, watu walilalamika kwamba majina yanapitishwa chumbani.

Nikaenda kazini Jumanne nikiwa na hilo kichwani. Na huko, kama vile halikutosha, Shabani akaniita. Alikuwa anacheka mwenyewe.

"Dada Skola, bosi amekupitisha. Unaajiriwa moja kwa moja, mkataba kabisa. Ukimaliza miezi ya majaribio unakatiwa na bima ya afya. Alhamisi ya wiki ijayo nenda kapime afya, unajaza fomu, ndiyo utaratibu wa wote."

Nikashukuru mpaka nikapiga goti. Nikaiomba ile fomu niitazame. Kifafa kimeandikwa pale katikati ya kifua kikuu na magonjwa ya ngozi, ndiyo au hapana.

Kwa hiyo Jumatatu natakiwa niwe mgonjwa, Alhamisi natakiwa niwe mzima. Ningekuwa na mwili wa akiba ningeigawia kila ofisi wa kwake. Nimecheka peke yangu ndani ya chumba hiki mpaka nikaogopa.

Nimewaza kila upande, usifikiri sijawaza. Nikilitaja kesho, kufikia jioni Shabani atakuwa ameshapigiwa simu na mama yake mdogo, na kazi imekwisha. Vidonge vitakuwepo, chumba cha Neema hakitakuwepo. Nikinyamaza, niende Alhamisi nikaandike hapana, nitaajiriwa. Lakini vidonge nilivyonavyo havifiki hata mwisho wa mwezi, bima mpaka majaribio yaishe, na mama asiye na vidonge hafai kuachiwa mtoto karibu na moto. Hilo halihitaji mtu kuniambia. Nililiona kwa macho, nikauona na mguu wake.

Mama Hadija hajui alichofanya. Jana aliniletea pilau, anasema tusherehekee mkataba, Shabani amemwambia. Akakaa kitandani kwangu, tukala sahani moja, akanichagulia nyama akiniwekea upande wangu. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikautazama mkono wake unavyoingia kwenye sahani karibu na wangu, nikashindwa.

Mpaka naandika hapa sijui kesho nitafungua mdomo au nitanyamaza. Nina hasira, dada, na sina wa kumkasirikia, maana wote wamenitendea wema.

Msalimie sana mama, mwambie namkumbuka na nitamtumia dawa ya kuchua. Msalimie shemeji, mlezi wa mwanangu, Mungu amlindie macho. Wasalimie jirani zako wa mlango wa pili waliomshonea Neema sare.

Na Neema. Tulikubaliana umlete likizo hii abaki huku moja kwa moja. Najua ameshafungasha nguo zake, uliniambia analala na begi. Kesho niseme nisiseme, usimlete. Akiuliza kwa nini, mwambie mama amepata kazi.

Mdogo wako anayekupenda,
Skola