Mama Mkwe Amefuta Mayai ya Konokono Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kama walivyocheka ofisini. Mimi ni karani wa bima, sinywi, sivuti, jioni niko nyumbani na tangi langu la kioo la maji ya chumvi ambamo nafuga konokono wa baharini, si wa kula, ila vifaranga wa samaki wangu wana vinywa vidogo mno na hawagusi chakula kisicho hai, hivyo konokono wanataga kiooni, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi wanaogelea na vifaranga wanajilia, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa jasho langu, mke wangu hajawahi hata kunisaidia kubadilisha maji, tena siku hizi akipita karibu na tangi anakimbilia chooni kutapika, nikamwambia hiyo ni dharau, na juzi akasema ana neno la kuniambia nikamwomba asubiri kwa kuwa konokono mkubwa alikuwa anapanda kioo kutaga. Basi akaja mama yake bila taarifa, na begi, na uzi wa kufuma visoksi vya mwanasesere sijui wa nani, akaona kioo kina madoadoa meupe, akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza sponji akasugua mpaka kikang'aa, kizazi kizima, mshauri, kikakamuliwa kwenye sinki! Nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Akanijibu polepole, "Mwanangu, nilidhani ni uchafu." Wakafunga mizigo, yeye na mke wangu, wakaondoka kwenda kwake. Vifaranga wanakufa njaa. Nifanyeje ili mama mkwe aniombe radhi?

Mfugaji Mwenye Uchungu

*

Mfugaji, pole. Kulea viumbe wadogo kiasi hicho si mchezo, na aliyefutiwa mayai ana haki ya kuumia. Pole yangu imeishia hapo.

Sasa keti. Mkeo anatapika. Ana neno la kukuambia. Mama yake anakuja na begi na anafuma soksi ndogo. Hizo si za mwanasesere, baba! Konokono akitaka kutaga unamjua kwa mwendo wake, mkeo analala ubavuni mwako humjui. Kweli mtu akiamua kuwa kipofu, hata miwani haimsaidii.

Mama mkwe kukuomba radhi, sahau. Alikuja kukusaidia kulea, akaanza na kioo kwa kuwa ndicho alichokiona kichafu. Konokono wako watataga tena bila kubembelezwa. Wanawake hao wawili watataka kubembelezwa, na wana haki.

Leo ukitoka kazini usipitie nyumbani, utaanza kukagua tangi na usiku utakukuta hapo. Nenda kwa mama mkwe moja kwa moja. Mwombe radhi yeye kwanza, mbele ya binti yake, na neno "lakini" liache mlangoni. Kisha mwulize mkeo alitaka kukuambia nini, unyamaze mpaka amalize. Jifanye hujui. Habari ile ilikuwa yake kuitoa, nami nimelazimika kumwibia kwa ajili ya ujinga wako, kwa hiyo usimwambie umeisoma gazetini. Ukiweza kulia, lia. Ukishindwa, mshike mkono, na usitaje samaki.