Kibritati na Kibritidi

Kostantina, 12 Septemba 1974

Kwa Abdelhak,

Salamu. Sisi wazima, ila mguu wa mama yako ni uleule. Ghania mdogo wako anaingia darasa la mtihani. Natumai nawe u mzima huko Algiers, kwenye ofisi yenu ya Wizara yenye mazulia.

Kitabu chenu cha kemia kimefika. Sitakifundisha. Tangu nianze kazi nawaambia watoto: chumvi ina majina mawili, la kwanza la metali yake, la pili hulirithi kwa asidi iliyoizaa. Asidi ya hidrokloriki huzaa kloridi, ya nitriki huzaa nitreti, ya salfuriki huzaa salfeti. Kamati yenu imeona salfeti ni Kifaransa, mkaiita kibritati, kutokana na kiberiti. Haya, Kiarabu ni lugha ya mama yangu pia. Lakini mnayo pia kibritidi, yaani salfidi, chumvi nyingine kabisa, na mchapaji wenu amezichanganya. Ukurasa wa 41 watoto walitakiwa kuambiwa waimwagie kibritati asidi, waone kwamba haitoi hewa yoyote. Kumechapwa kibritidi! Hiyo hutoa hewa, tena ya kuua. Ulisoma, au ulitia sahihi tu?

Baba yako


Algiers, 20 Septemba 1974

Baba,

Nakuamkia. Mimi sijambo. Mbusu Mama kichwani.

Nilijua utatafuta kasoro. Hata kitabu kingeshuka kutoka mbinguni ungekipitishia wino mwekundu. Wafaransa wameondoka miaka kumi na miwili, wewe bado unaongea nao usingizini. Ami Salah, ndugu yako wa damu, alikufa milimani akipigana nao ili mtoto wa Kostantina aitaje chumvi kwa lugha ya kwao.

Ukurasa wa 41 niliupitia mwenyewe. Hauna kosa. Mkaguzi anakuja Oktoba. Ama ufundishe, ama ukae mkahawani ucheze dama na wenzako.

Mwanao


Kostantina, 9 Oktoba 1974

Abdelhak,

Salamu ni za Mungu, kwa hiyo nakupa. Wazima.

Mkaguzi wako alikuja. Alinitoa darasani mbele ya wanafunzi. "Kapumzike, Si Lakhdar," kaniambia, akiniita 'Si', yaani bwana, kwa sauti ile anayosemeshwa punda mzee. Mahali pangu wamemweka Zoulikha Merabet, binti aliyetoka chuoni juzi, hata chaki anaishika kama sigara. Kila la heri kwake na kwa kitabu chenu.

Sikukuu usije. Mama yako alikuokea makrudi, vile vikeki vya tende. Nimewapa majirani sahani nzima.

Baba yako


Kostantina, 3 Desemba 1974

Abdelhak,

Safari hii siulizi hali yako.

Juzi darasa la Ghania lilifika ukurasa wa 41. Mvua ilinyesha, madirisha yamefungwa. Wakamwaga asidi kama kitabu kinavyosema. Ghania anasema palinuka yai viza, halafu harufu ikakatika. Wakacheka, wakidhani imekwisha. Haikwisha, hewa ile ikizidi huua pua kwanza. Msichana wa mbele akaanguka. Zoulikha akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote!" akawasukuma nje mmoja mmoja, akarudi kumbeba aliyeanguka. Alipofika mlangoni akaanguka naye.

Wote wako hai. Ghania anakohoa, na kichwa kinamuuma mpaka analia. Zoulikha amelazwa, hata jina lake analisahau. Na bado wanamshtaki! Wizara inasema ni uzembe wa mwalimu, kesi ni tarehe kumi na saba. Njoo useme kitabu kilikosea. Uliyetia sahihi ni wewe.

Baba yako


Algiers, 10 Desemba 1974

Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mpe Ghania pole yangu.

Kamati imekaa. Inasema mwalimu mwenye cheti anapaswa kujua kibritidi ni nini. Nikija kusema vingine, nimekwisha.

Lakini nijibu na wewe. Kosa ulilijua tangu Septemba. Shule ni dakika kumi kutoka nyumbani. Binti yako anakaa darasa hilo. Kwa nini hukumwambia huyo mwalimu? Ulikuwa unangoja nini, Baba? Kitabu changu kianguke, siyo?

Mwanao


Kostantina, 18 Desemba 1974

Abdelhak,

Ndiyo. Nilikuwa nangoja hicho hasa. Nilidhani ataona kosa, atalalamika, nawe utaaibika. Sikuwaza kwamba atakiamini.

Jana nilisimama mahakamani. Nikasema kitabu kilikosea, na aliyekipitisha ni mwanangu. Hakimu akaniuliza, "Na wewe mzee, kosa ulilijua lini?" Nikamjibu: nililijua tangu Septemba, nikanyamaza kwa hasira. Zoulikha wamemwachia. Baba yake alinipita mlangoni, akatema mate kando ya kiatu changu.

Mama yako amehamia chumba cha Ghania. Hasemi nami.

Kukutaja sijutii. Ulistahili.

Baba yako


Algiers, 22 Desemba 1974

Kwa Si Lakhdar,

Nimefukuzwa kazi. Kabla sijakabidhi funguo nilipiga simu kila mkoa, waukate ukurasa ule.

Nafika Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Siji kwako. Mwambie Mama anifungulie yeye. Kama utakuwepo, kaa chumba kingine.

Kaka yake Ghania