Adabu ya Ubao wa Juu

Jumanne, 4 Novemba 2003

Saimi amenitisha.

Baada ya mazoezi ya wazee tulipanda sauna ya jimu, ubao wa juu, yeye karibu na ndoo kama kawaida. Akamwaga kata ya maji juu ya mawe ya moto. Mvuke ukapanda, naye akaukaribisha kama mama yake alivyofanya kule kwetu Karelia, kabla vita havijatuhamisha: "Karibu, mama." Raija, mwenzetu wa mazoezi, akamtania kutoka ubao wa chini: Sauti yako inafika hadi kwenye baiskeli za mazoezi, bibi wee. Vijana watadhani tumepata mgeni.

Kisha kimya. Saimi aliegemea ukuta, macho kafumba. Wanawake wakatoka mmoja mmoja, polepole. Humu hakuna anayemsemesha mtu aliyefumba macho — ndiyo adabu, tumelelewa nayo. Nami nikatoka. Nikaoga, nikajitumbukiza kwenye beseni la maji moto, magoti yakalegea. Ndipo nikaona taulo lake bado liko kwenye msumari.

Nilimkuta vilevile. Mdomo wazi. Nikammwagia maji usoni. Akazinduka, akanitukana: nimemharibia nywele!

Hakuwa amelala.

Ijumaa, 7 Novemba

Amekiri, tukinywa kahawa kwake. Si mara ya kwanza. Dunia inaenda mbali kidogo, anasema, halafu inarudi.

Nikasema tumwambie Jonna, mhudumu wa pale. Au Marketta, binti yake Saimi. Akaweka kikombe chini. "Marketta ameshaniandalia chumba kwake Oulu, mapazia na kila kitu. Akisikia tu, nahamishwa. Mara moja ilitosha, Aune."

Nilitaka kubishana. Nikakumbuka siku ya kuhama Karelia, ng'ombe wao aliyeachwa zizini bila kukamuliwa, na Saimi mdogo akimlilia hadi stesheni. Nikaahidi kunyamaza. Sharti langu: kila mvuke aukaribishe kwa sauti. Asipousemesha, namtoa, iwe adabu isiwe adabu.

"Basi nitakuwa redio," akasema.

Mimi niliyezeeka maktabani nikiwanyamazisha watu!

Jumanne, 11 Novemba

Redio imefanya kazi. Raija: leo huyo mama yako amekaribishwa hadi amechoka, si umpe na kiti? Tulicheka sote. Lakini joto sikulisikia hata kidogo. Nilikuwa nikitazama kifua cha Saimi, kinapanda, kinashuka.

Jioni Marketta alipiga simu. Mama anaendeleaje, shangazi? Nikajibu hajambo. Nikabaki nimeushika mkono wa simu muda mrefu baada ya kuuweka.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandikia hapa hapa, chumba cha kubadilishia nguo, nywele zinadondosha maji kwenye karatasi.

Leo tulianzia chumba cha mvuke. Mle huoni hata mkono wako. Akanishika, akaniita kwa jina la dada yake, yule tuliyemzika njiani tukihama. Nikamtoa nje, nikamkalisha, nikampa maji. Alipotulia nikasema basi, ahadi imekwisha, naenda kwa Jonna.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nenda, mwenzangu. Ila kwanza niache nikae juu mara moja, nikiwa bado mtu wa hapa."

Nikasema hapana. Nikamshika taulo. Taulo likabaki mkononi mwangu, yeye kaingia sauna.

Kwa hiyo nimekaa katikati ya milango miwili. Upande huu sauna. Upande ule Jonna, namsikia anaburuta ndoo ukumbini. Nikimwita, Saimi atalala Oulu kabla ya Krismasi, na itakuwa kazi yangu. Naandika huku nikiamua.

Raija yumo ndani naye. Lakini Raija hajui kitu, na Raija ana adabu.

Maji yamepiga mawe. Nimeyasikia hadi hapa. Haya, Saimi. Sema.

Bado.

Labda kata ameishika Raija. Labda mlango ni mzito leo.

Mlango umefunguka. Ni Raija, peke yake. Ananyata, asimsumbue mtu aliyefumba macho.