Kiti cha Dereva cha Mzee Koech

Jumatano, Agosti 1974

Kiti nimekiona. Ni orijino kabisa, ngozi nyeusi, hata nyuzi za kiwanda hazijaachia. Miezi yote hii natafuta kiti cha dereva cha Mustang yangu, kumbe kiko hapa Longisa.

Lakini Mzee Koech amekikalia. Gari yake, Mustang kama yangu, ilipobingirika alivunjika mgongo, na mkewe anasema hakuna kiti kingine anachoweza kukalia bila kulia. Wamekipigilia kwenye mbao jikoni, karibu na moto.

Nikawaza kwanza moshi utaharibu ngozi. Hilo ndilo nililowaza.

"Ngoja kidogo, kijana," mzee akaniambia. "Nikimaliza nacho utachukua."

Nikamtazama anavyopumua, nikapiga hesabu. Labda kabla ya Krismasi.

Nilikuwa bado nahesabu miezi mkewe aliponiongezea chai.