Kimya cha Baba Neema

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua, nimeanika. Maji yamekatika tena hapa Mbotela. Baba Neema ameenda soko la Burma, kwa buchari anakokata nyama, macho mekundu. Amelala usiku kucha na bado ameamka amechoka, kichwa kinamgonga. Majirani wananitania kwenye kamba za nguo: mzee wako anakoroma mpaka ukuta unatikisika, hiyo ni shibe! Nacheka nao. Kukoroma sikuogopi. Naogopa kile kimya. Anakoroma, halafu sauti inakatika. Kifua kinavuta, hewa haiingii. Kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini.

Ijumaa, 7 Machi
Amesinzia akimkatia mteja mbavu, panga mkononi. Kidole gumba kimechanika. Bosi amemrudisha nyumbani, ati alale ashibe usingizi. Alale mara ngapi, jamani? Jioni amekunywa pombe ndiyo imlaze vizuri. Imemlaza vibaya kuliko jana. Nimekasirika hata ugali umenishinda.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amekuja kutoka Makongeni. Baada ya chakula Baba Neema akalala kwa kochi, na kile kimya kikaja. Mama amekiona kwa macho yake. Amesema ni babu. Mume wangu alipewa jina la babu yake, na babu huyo alikufa usingizini. Baba mkwe wangu pia, vivyo hivyo. Sasa babu anamkaba mwenye jina lake. Dawa: alale chali, Biblia kifuani, mzimu ukose pa kukaa. Nimekubali. Ningefanya nini?

Jumatano, 12 Machi
Chali, Biblia kifuani. Akijigeuza namrudisha. Vimya vimekuwa virefu. Alfajiri Biblia imesimama, haipandi, haishuki. Nimempiga kofi la nguvu. Ameamka akiuliza amenikosea nini. Nimeenda kulia chooni. Hata mimi sasa namwamini huyo babu. Ile kona ya kabati siitazami, kana kwamba amesimama pale.

Jumatatu, 17 Machi
Zahanati. Daktari, msichana mdogo, hakutaja mzimu. Aliuliza namba ya kola ya shati, akauliza kuhusu kitambi, pombe, sigara. Aliuliza kama babake alikoroma. Akammulika koo. Amesema mtu akilala nyama za koo hulegea, njia ya hewa ikaziba. Shingo nene huzidisha, pombe nayo pia. Taya dogo kama lake hurithiwa. Akauliza analala vipi. Nikasema chali.

“Hapana, mama. Chali ulimi unarudi nyuma. Mlaze ubavu.”

Apunguze mwili, aache pombe, aende hospitali kubwa apimwe akiwa amelala. Nilimshika mkono njia yote ya kurudi. Alidhani nina homa.

Jumapili, 23 Machi
Tunangoja siku ya kupimwa. Pombe ameacha, analalamika kama mtoto. Leo amelala kwa kochi kwa ubavu, mto mgongoni. Bado anakoroma. Vimya vipo, ila vifupi.

Mama mkwe alikuja. Nilimweleza yote polepole, maana ni mama. Alimtazama mwanawe. Kisha akasema siku ile mzee wake, baba mkwe wangu, alipofariki usingizini, alikuwa amejigeuza ubavu. Yeye ndiye alimrudisha chali, akamwekea Biblia.

“Nilikuwa namsaidia,” alisema.

Nilitaka kumwambia ilikuwa shingo, ilikuwa taya, hakuna aliyejua. Nikammiminia chai. Imepoa mikononi mwake.